Chipu yangu, kadi ya mwingine

Nimesubiri hasira ipoe ndiyo naandika maoni haya ya huduma, na nyota zake, maana wiki ile ningeandika matusi.

Nakaa Louisville, Kentucky. Kwenye soko la vitu vikuukuu niliokota chipu ya kasino (si zile za kukaanga, jamani, ni kile kisahani cha kuchezea kamari badala ya pesa), rangi ya maziwa, imepigwa herufi mbili za dhahabu zilizofutika nusu. Jina la klabu halipo. Za kamari ya magendo ndivyo zilivyokuwa. Nani aandike jina lake polisi walisome? Kilichobaki ni kadi za oda za viwanda vilivyotengeneza chipu, ambamo karani alijaza herufi, rangi na mzigo ulikopelekwa. Nikamlipa jamaa mmoja mwenye nakala za kadi hizo, dola 40, anitafutie chipu yangu ilikotoka.

Akajibu mstari mmoja: ya Reno, Nevada. Reno! Kamari ni halali Nevada tangu 1931, wangejificha nini? Kadi aliyotuma ina herufi zilezile, sikatai, ila ni ya Paul-Son, kiwanda kilichoanza 1963, na alama yao maarufu ni kofia na fimbo. Yangu imezungukwa ukingoni na mataji madogomadogo, hata ukipitisha ukucha unayasikia. Hiyo ni kazi ya kiwanda kingine, T.R. King cha Los Angeles. Nikamwandikia kwa adabu, "Samahani bwana, hebu tazama ukingo." Akanijibu kwamba watu kama mimi tungebaki kukusanya stempu. Watu kama mimi ndio akina nani? Nilirudia kusoma mpaka chai ikapoa. Nyota moja, na hata hiyo ni kwa vile sifuri hairuhusiwi.

Siku kadhaa baadaye, bila samahani wala salamu, ikaja kadi ya pili. Mataji. Herufi zangu. Mzigo umepelekwa duka la sigara, Newport, humuhumu Kentucky, mji uliojaa kamari haramu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pembeni mtu kaandika kwa penseli kwamba ni haraka. Nilipiga ukelele, mke wangu akadhani nimeungua. Najua, mwenye duka huenda alikuwa dalali tu anayemwagizia mwenye klabu. Sijali. Nyota nne!

Kushuka chini ya barua pepe, nakuta ankara: dola 40 nyingine za "utafutaji wa pili". Akosee yeye, nilipe mimi? Mbili.

Nimelipa. Droo ina nyingine ya kijani, na nimeshaipiga picha, ukingo kwanza.