Kupima ubunifu: tuhesabu hataza au tuwaulize wenye kampuni?

Hataza, yaani hati zinazompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake (patent), zina uzuri wake. Kila moja ina tarehe, imekaguliwa, na humlinda mvumbuzi kwa kawaida miaka 20, hivyo unaweza kulinganisha Japani na Ujerumani mwaka kwa mwaka. Lakini hataza huonyesha wazo, si matumizi, na nyingi haziingii sokoni kamwe. Huduma ndizo huumia zaidi kwa kipimo hiki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kilichobadilisha maisha ni mawakala waliotapakaa hadi vijijini na simu ya kawaida iliyoweza kutuma pesa. Anayehesabu hataza peke yake hukosa sehemu kubwa ya habari hiyo.

Njia ya pili ni dodoso, kwa kufuata Mwongozo wa Oslo, kitabu cha kanuni za kupima ubunifu ambacho OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ilikitoa mwaka 1992; toleo la nne ni la 2018. Hapa kampuni huulizwa: mmeleta bidhaa gani iliyo tofauti kweli na za zamani, na je, imewafikia watumiaji? Hata utaratibu mpya wa kazi huhesabika, mradi umeanza kutumika. Udhaifu wake ni kwamba kampuni hujisemea yenyewe. Tena dodoso nyingi, zikiwemo za Ulaya, huanzia kampuni za watu 10.

Hilo la mwisho linaniuma. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hubuni majiko na mashine kila siku. Kwa uchumi wetu ningechagua dodoso, ila lishuke mpaka kwenye vibanda vyao.