Kozi ya Jumamosi kuhusu maungamo ya imani ya Kibaptisti, Sakina, Arusha

Kozi hii fupi kuhusu maungamo, yaani matamko ya maandishi ya kile ambacho kanisa linaamini, huendeshwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa moja la Kibaptisti upande wa Sakina, kando ya barabara iendayo Ngaramtoni, na ada yake ya shilingi 20,000 inajumuisha chai ya saa nne pamoja na bunda la nakala zilizobanwa kwa pini, yale ambayo wanafunzi wa vyuo huyaita madesa. Imekusudiwa kwa mashemasi, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa vijana, na yeyote anayetaka kujua Wabaptisti wameandika nini kuhusu imani yao tangu karne ya 17 na maandishi hayo yana nguvu gani juu ya dhamiri ya muumini. Mafundisho ya namna hii ni haba mjini hapa nje ya vyuo vya theolojia, ambako si kila shemasi anaweza kwenda. Nimeisoma hadi mwisho, na ninaona inastahili kupimwa kwa uzito, kwa kuwa inafanya vizuri jambo lililo gumu na inaacha jambo lililokuwa jepesi.

Wengi wanaojiandikisha huja na msemo uliozoeleka makanisani mwetu, kwamba Wabaptisti hawana kanuni ya imani, wana Biblia tu. Katika mkoa wetu na ule jirani wa Kilimanjaro msemo huo unanoga zaidi, kwa sababu umezungukwa na Wakatoliki na Walutheri ambao Jumapili husimama na kuikiri imani kwa sauti moja. Mimi mwenyewe nililelewa katika usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, mjini Moshi, nikafundishwa Katekisimu Ndogo ya Luther kabla ya kipaimara, na nilipohamia kwa Wabaptisti nilidhani nimetoka katika kanisa la maandishi nikaingia katika kanisa lisilo na maandishi. Mwalimu wa kozi haubezi msemo huo. Anachukua kalamu na kuandika ubaoni safu ya miaka, 1611, 1644, 1660, 1678, 1689, 1742, 1833, 1925, 1963 na 2000, kisha anaeleza kwamba kila mmoja wa miaka hiyo ni wa ungamo ambalo Wabaptisti walilitoa, walilipitisha au walilirekebisha kwa hiari yao. Baada ya hapo darasa zima linajua kwamba swali la kama Wabaptisti wana maungamo limekwisha, na swali linalobaki ni la nani anaweza kumshikia mwenzake ungamo na kumdai alitie saini.

Kipindi cha mwaka 1644 ndicho bora kuliko vyote. Makutaniko saba ya London, yaliyokuwa yakibatiza waumini watu wazima pekee, yalijikuta yakitajwa kwa jina la Waanabaptisti, na jina hilo katika Ulaya ya wakati ule liliwakumbusha watu ghasia za mji wa Münster wa Ujerumani, ambao katika miaka ya 1534 na 1535 ulitekwa na kundi lililotaka kusimamisha ufalme wa Mungu kwa upanga. Ungamo lao, kwa hiyo, linaanzia kwenye jalada kwa kujitetea: linasema ni la makanisa ambayo watu huyaita kwa kawaida, ingawa kwa uongo, Waanabaptisti. Mwalimu anakaa muda mrefu kwenye kifungu cha 40, kinachoeleza ubatizo wa maji mengi, yaani kuzamishwa mwili wote, na anawaonyesha wanafunzi maelezo ya pembeni yanayosisitiza kwamba mbatizaji na mbatizwa wawe wamevaa mavazi yanayofaa, kwa adabu yote. Darasa lilicheka, na ilikuwa haki kucheka, lakini maelezo hayo yaliwekwa kwa sababu ya uvumi wa aibu uliokuwa ukienezwa na wapinzani kuhusu yanayotendeka mtoni. Kwa mfano huo mmoja mwanafunzi anaelewa kazi ya kwanza ya ungamo la Kibaptisti: lilielekezwa kwa majirani, kwa watawala na kwa wasingiziaji, kabla halijaelekezwa kwa washiriki wenyewe.

Ungamo la pili la London linafundishwa kwa utulivu uleule. Liliandaliwa mwaka 1677, wakati makanisa yasiyo ya dola yalipokuwa bado yakibanwa na sheria za Uingereza, na waandishi wake walichukua kwa makusudi Ungamo la Westminster la Wapresbiteri pamoja na Tamko la Savoy la mwaka 1658, wakabadilisha yaliyohusu ubatizo na uongozi wa kanisa, na kuyaacha mengi mengine karibu neno kwa neno, ili waonekane kuwa ni ndugu katika imani moja. Mwaka 1689, baada ya sheria ya uvumilivu wa kidini kupitishwa, wajumbe wa makanisa zaidi ya 100 walikutana London na kulikubali rasmi, ndiyo maana hadi leo linaitwa kwa mwaka huo. Lina sura 32, na sura ya kwanza inatangaza kwamba Maandiko Matakatifu ndiyo kanuni pekee inayotosha kwa maarifa ya wokovu, imani na utii. Ungamo, basi, linafungua kinywa kwa kujiweka chini ya kitabu kingine. Shemasi mmoja mwenye umri mkubwa alipofika hapo hakuweza kuvumilia.

«Mwalimu, mwanangu,» alisema, «ikiwa Biblia inatosha, hawa wazee wa London waliandika sura 32 za nini?»

«Mzee wangu,» alijibu mwalimu, «waliziandika kwa sababu majirani zao nao walikuwa na Biblia hiyohiyo.»

Jibu hilo lilistahili kufuatwa na maelezo, na kwa bahati nzuri lilifuatwa. Yeyote anayesema anaamini Biblia tu bado atalazimika siku moja kusema anaamini kwamba Biblia inafundisha nini kuhusu mtoto mchanga na maji ya ubatizo, na atakapofungua kinywa kulisema, atakuwa amekwisha kuungama. Tofauti na mapokeo niliyolelewa nayo ni kwamba mchungaji wa Kilutheri, anapobarikiwa, huahidi kufundisha kulingana na Maandiko na maungamo ya kanisa lake, likiwemo la Augsburg la mwaka 1530, na ahadi hiyo inamfuata popote anakohamishiwa. Kwa Wabaptisti kila kanisa mahalia linajitawala. Chama cha makanisa kinaweza kutunga ungamo na kulitumia kuamua ni makanisa gani yatembee pamoja, lakini hakina mkono wa kuingia ndani ya kanisa na kulilazimisha.

Mwalimu aliiunganisha hofu hii ya kulazimishwa na Thomas Helwys, ambaye mwaka 1611 alitoa tamko la imani la kundi lake dogo la Waingereza waliokuwa Amsterdam, kisha akarudi Uingereza na mwaka 1612 akamwandikia mfalme kwamba yeye ni mwanadamu wa kufa wala si Mungu, na kwamba hana mamlaka juu ya roho za raia wake zisizokufa. Helwys alifungwa katika gereza la Newgate na hakuonekana tena akiwa huru. Mtu huyohuyo aliyeandika ungamo ndiye aliyekataa kwamba dola iwalazimishe watu ungamo lolote, na katika kozi nzima sikusikia hoja iliyobeba uzito zaidi ya hiyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwaacha wanafunzi wakishangilia uhuru. Kozi haikufanya hivyo, na kwa hili nawapongeza waandaaji bila kusita. Kipindi kilichofuata kilihusu mkutano wa Salters' Hall, London, mwaka 1719, ambapo wachungaji wa makanisa yaliyokuwa nje ya kanisa la dola waligawanyika kuhusu kama watie saini tamko la Utatu lililoandikwa kwa maneno ya wanadamu, au watumie maneno ya Biblia peke yake. Upande wa kutotia saini ulishinda kwa kura 57 dhidi ya 53. Wabaptisti nao waligawanyika: wale walioshika fundisho la Calvin kuhusu uteule, kwamba Mungu ndiye aliyewachagua watakaookolewa, wengi wao walitia saini, na wale waliofundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote wengi wao walikataa. Katika miongo iliyofuata makanisa mengi ya kundi hili la pili yalitelezea katika kuukana Utatu wenyewe, hata mhubiri wao Dan Taylor akalazimika kuanzisha umoja mpya mwaka 1770. Mwalimu alionya kwamba kukataa kalamu hakukuwa sababu pekee ya kuteleza huko, na hapo alikuwa mwadilifu kuliko wahubiri wengi wanaokitumia kisa hiki kama fimbo.

Marekani ilipitiwa haraka, na kwa sehemu kubwa haraka hiyo ilifaa. Chama cha makanisa ya Philadelphia kilipitisha ungamo la pili la London mwaka 1742 pamoja na nyongeza mbili, ya kuimba nyimbo na ya kuwekea mikono, na mpiga chapa wake alikuwa Benjamin Franklin. Ungamo la New Hampshire la mwaka 1833, lililo fupi na laini zaidi, likawa msingi wa lile ambalo Wabaptisti wa Kusini walilitoa mwaka 1925, ingawa walipoungana mwaka 1845 walikuwa wametangaza kwamba hawaundi kanuni mpya ya imani. Utangulizi wa mwaka 1925 unasema maungamo ni miongozo tu ya kufasiri na hayana mamlaka juu ya dhamiri. Toleo la mwaka 2000 likaongeza kwamba ni vyombo vya kuwajibishana katika mafundisho, na mwaka 2002 wamisionari wao walio nchi za nje wakatakiwa kuliafiki kwa maandishi. Baadhi walijiuzulu, na mwaka uliofuata waliokataa hadi mwisho wakaachishwa kazi. Nilitamani mwalimu akae hapa kwa muda aliokaa kwenye kifungu cha 40, kwa kuwa jambo hili linatuhusu: utume huohuo wa Wabaptisti wa Kusini ndio uliokuja kwetu katika miaka ya 1950 na kufungua seminari hapa Arusha katika mwongo uliofuata, na wapo wazee wanaowakumbuka wamisionari wake kwa majina. Kuna tofauti gani kati ya mwajiri anayedai saini na askofu anayedai kiapo? Mwanafunzi aliondoka bila kusaidiwa kulijibu swali hilo.

Upungufu wa pili ni jinsi kanuni za kale za imani zilivyopunjwa. Ungamo la mwaka 1678 la Wabaptisti walioamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote linasema waziwazi kwamba imani ya Nikea, ya Athanasio na ya Mitume zipokelewe na kuaminiwa, kwa kuwa zinathibitishwa na Maandiko. Mwaka 1905, katika mkutano wa kwanza wa Umoja wa Wabaptisti wa Ulimwengu mjini London, rais wa mkutano huo, Alexander Maclaren, aliwaomba wajumbe wote wasimame na kuikiri Imani ya Mitume, nao wakasimama. Haya yote yalisemwa katika dakika za mwisho za kipindi, watu wakiwa wameshakusanya madaftari. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye mume wake ni Mlutheri, alikuwa ameuliza mapema kama atatenda kosa akiikiri imani hiyo anapomsindikiza mumewe usharikani, na alistahili kuambiwa kwa kituo kwamba Wabaptisti wa dunia nzima wamewahi kufanya hivyo mbele ya watu.

Lakini pengo kubwa kuliko yote liko karibu zaidi. Nchini Tanzania taasisi ya dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na haisajiliwi bila katiba. Katika katiba za makanisa mengi ya Kibaptisti niliyowahi kuyafahamu kuna kifungu au sura inayoitwa imani yetu, mafundisho yetu, au jina jingine la namna hiyo. Hilo ni ungamo, lenye mhuri. Mara nyingi limenakiliwa kutoka kwa chama kikubwa au kwa mfadhili, likapitishwa katika mkutano uliokuwa na haraka ya kupata usajili, likafungiwa katika kabati la katibu. Halisomwi kwa waumini wapya wala kwa wachumba wanaoandaliwa kwa ndoa, na hutolewa tu siku mgogoro wa mchungaji unapofika kwenye baraza la usuluhishi, au mbaya zaidi mahakamani, ambapo kila upande hugundua kwa mshangao kwamba kulikuwa na kifungu. Kozi iliyotufikisha kwa ustadi kwenye jalada la mwaka 1644 haikumwomba mwanafunzi hata mmoja alete katiba ya kanisa lake. Kipindi kimoja cha kusoma kurasa hizo kwa sauti, na kuulizana nani aliziandika, nani alizipigia kura na zinaweza kurekebishwaje, kingekuwa na thamani ya ada yote.

Kuhusu huduma yenyewe, ukumbi ni safi na viti vinatosha, ila miezi ya baridi mtu aje na sweta. Nakala zilizogawiwa zina tafsiri nzuri ya vifungu vilivyochaguliwa, lakini baadhi ya kurasa zimedurufiwa hadi herufi zimefifia, na si kila tafsiri inasema imetolewa wapi. Chai ilikuwa nzuri kuliko kawaida ya semina. Muda uliheshimiwa, isipokuwa siku ile ya kanuni za kale.

Kwa shemasi au mwalimu wa shule ya Jumapili ningesema ajiandikishe bila kusubiri, na siku ya kwanza awe na katiba ya kanisa lake mkobani, amwombe mwalimu aifungue ubaoni. Kwa mchungaji aliyesoma historia ya kanisa chuoni, vipindi vya 1644 na 1719 vinatosha, na waandaaji wanaruhusu kulipia kipindi kimoja kimoja. Hakuna mtihani wala cheti.