Laptopu iliyotangazwa kufa Mombasa, ikafufuliwa Langoni kwa raba ya penseli

Mimi ni maalim wa madrasa hapa Amu, yaani Lamu. Mitihani ya watoto huiandika mwenyewe kwenye ThinkPad X230 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Modeli hiyo ilitoka mwaka 2012, na mtu akiniuliza naing'ang'ania ya nini, sina jibu ila kibodi yake. Vidole vimeizoea, basi.

Kusi lilipokolea ikaanza vituko. Nabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii. Sekunde chache inazimika, inajiwasha yenyewe, inazimika tena. Siku nyingine inaamka vizuri kana kwamba ilikuwa ikinitania, kesho yake yaleyale. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu na maswali yote yamo humohumo. Nakala? Usiniulize.

Nilikuwa na harusi Mombasa, nikaibeba. Kwenye duka la kwanza kijana alibonyeza kitufe mara mbili, hakugusa hata skurubu moja, akasema, "Mzee, madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Elfu kumi na mbili, ama nikuuzie nyingine." Hata kiti sikukalia. Nikarudi na basi hadi Mokowe, nikavuka na boti, laptopu iko mapajani nami nimeshaisomea hitima.

Fundi ninayemwandika hapa yuko mtaa wa Langoni, kijiduka cha simu chenye meza moja na taa moja ya kuinamisha. Alisoma juzuu ya Amma kwangu alipokuwa mdogo, kwa hivyo nakiri mapema kwamba nina upendeleo. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu laptopu.

"Maalim, nyumbani waiweka wapi?"

Dirishani, nikamwambia, ghorofa ya juu, napata upepo wa bahari.

Akacheka. "Upepo huo ndio unaoila."

Alitoa betri, akachomoa chaja, akakibana kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobakia ndani uishe. Akaigeuza, akafungua kifuniko kidogo cha chini, akachomoa RAM zote mbili, vile vijibao vya kumbukumbu, na kuniinamishia taa nione. Ile safu ya meno ya rangi ya dhahabu ilikuwa imefifia, na meno mawili matatu ya pembeni yameota ukungu wa kijani, uleule unaouona kwenye sinia la shaba lililosahauliwa uani. Dhahabu yenyewe haili kutu, akanieleza, ila hapo imepakwa nyembamba mno na chini yake kuna shaba. Unyevu wa chumvi ukipata upenyo, meno hayagusani sawasawa na tundu lake, na mashine isiyoiona RAM yake haina la kukuonyesha kiooni.

Akavuta droo, akatoa raba ya penseli, hizi za watoto wa shule. Akasugua polepole pande zote mbili, akapangusa vumbi la raba kwa mswaki uliochovywa spiriti, akaacha zikauke huku akimhudumia mama mmoja aliyeleta simu. Kisha akarudisha RAM moja tu. Ikawaka. Akaitoa, akaweka ya pili palepale. Ikawaka. Akaihamishia tundu la pili, ikawaka. Hapo ndipo nilipomwelewa: alikuwa akitafuta mgonjwa ni RAM au ni tundu. Kumbe hakuna aliyekuwa mgonjwa, ni uchafu. Na madabodi iliyokufa Mombasa ikawa inapumua mbele yangu.

Furaha haikudumu. Kiooni palitokea namba 0271, yaani tarehe na saa si sahihi. Hiyo ni betri ndogo ya ndani, CR2032 ya volti 3, inayoshika saa wakati mashine imezimwa. Ndipo nikajua kwa nini miezi yote ile, tarehe ikiwa imekosea, tovuti zilikuwa zikikataa kufunguka na kuniambia si salama. Nilikuwa nikiwalaumu watu wa intaneti bure.

Akaibadilisha. Ikaja balaa ya tatu: diski. Alinipa nitege sikio, ikawa inalia tik, tik, kimya, tik. Alama ya Windows inazunguka mpaka unachoka. "Hii haisubiri," akasema, "kwanza tuinyakue mitihani." Akachomeka flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, akabonyeza F12 ili iwakie kwenye flashi badala ya diski, akaanza kunakili. Mitihani yote ilitoka. Picha kadhaa za Maulidi ya nyuma hazikutoka, nami bado zinaniuma.

SSD ya GB 240, diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani, iliagizwa Mombasa. Aliniambia siku mbili, zikawa sita. Simu zangu akawa hapokei, mpaka nikamfuata baada ya sala ya alasiri nikamkuta anakunywa kahawa. Kwa hilo namkata nyota, mwanafunzi wangu au si mwanafunzi wangu.

Kuhusu Windows, hakunibembeleza. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya zamani kama hii. Akaniwekea hiyohiyo Mint. Inawaka upesi, hata kahawa haijapoa. LibreOffice, programu yake ya kuandikia badala ya Word, inaandika Kiarabu kutoka kulia bila taabu, ila mitihani yangu ya zamani ya Word ilifunguka na mistari imehama, jedwali moja limekatika nusu. Nilikaa usiku mbili nikiipanga upya. Printa iliitambua yenyewe, jambo ambalo Windows lilikuwa likinisumbua kila muhula.

Gharama: SSD 3,800, betri ndogo 300, kazi yake 2,000. Jumla 6,100, karibu nusu ya bei ya ile maiti ya Mombasa. Risiti hatoi, lazima uombe, na hata ukiomba anaandika nyuma ya karatasi ya bando. RAM na diski ya zamani alinionyesha kabla na baada, na diski mbovu alinirudishia mkononi, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi.

Sasa laptopu inakaa kabatini, mbali na dirisha, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu nilivyovitoa kwenye boksi la viatu. Feni inapiga kelele kidogo mchana wa joto. Na chini, pembeni kulia, kuna tundu moja tupu: skurubu alisema ataileta kesho, na hiyo kesho ina mwezi sasa. Nampa nyota nne.