Plumpy'Nut: nilivyoiona kwa mwanangu

Turkana, kaskazini mwa Kenya, 2022. Mvua imegoma msimu baada ya msimu, mbuzi wamekwisha. Mwanangu wa miezi 14 alipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi: sentimita 11.2, nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Muuguzi akampa Plumpy'Nut, chakula-tiba cha pakiti, palepale, aone kama bado ana hamu ya kula. Alinyonya kona ya pakiti mpaka akalamba vidole vyangu.

Ni karanga zilizosagwa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500. Haipikwi wala haikorogwi na maji. Kwetu, ambako maji ya kisima huleta kuhara, hilo nalithamini kuliko utamu wake. Tulipewa pakiti mbili na nusu kwa siku. Mpe na maji safi pembeni, inatia kiu.

Kilichoniuma: wiki ya tano kliniki tembezi ilikuja bila pakiti hata moja. Nilikuwa nimetembea saa tatu naye mgongoni. Nililia njia nzima. Na dada zake wanapomtazama akila, utawaambia nini? Leteni na unga wa familia, jamani.

Wiki ya tisa utepe ulisoma 12.6, kijani. Jioni hiyo alimnyang'anya dada yake kikombe cha uji.