Upasuaji wa pafu hapa Dar: mkono mzuri, vikopo vibovu (nyota 3 kati ya 5)

Baba mdogo alitolewa kipande cha chini cha pafu la kulia kwenye hospitali moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Kabla ya hapo alishamezeshwa dawa za TB weee, mpaka alipochukuliwa kinyama cha pafu kupimwa ndipo saratani ikaonekana.

Huduma ya wodini safi. Manesi wanaongea vizuri na wagonjwa, mshono umefunga, na mzee anapanda ngazi za kwake Magomeni bila kuhema. Maegesho balaa, njoo na bodaboda.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya majibu ya maabara. Yameandikwa: tezi 2, hazina saratani. Basi. Daktari wa dawa za saratani aliyasoma, akayarudia, akauliza, "Mzee, hizi tezi walizitoa sehemu gani?" Baba mdogo akacheka: "Mwanangu, mimi si nilikuwa nimelala?"

Ndipo daktari akatuchorea kifua juu ya bahasha ya CT scan. Saratani ya pafu ikianza kutembea, mara nyingi hupitia kwenye mitoki ya kifuani, ndizo hizo tezi. Sehemu zake zina namba: 2 hadi 9 katikati ya kifua, 10 hadi 14 kwenye shina la pafu na ndani yake. Namba 7 iko pale bomba la hewa linapogawanyika. Kila sehemu huwekwa kwenye kikopo chake na kuandikwa namba, maana zikichanganywa maabara haiwezi tena kujua ipi ilitoka wapi. Marekani, hospitali zenye ithibati ya saratani ya American College of Surgeons (chama cha madaktari wa upasuaji) zinatakiwa tangu 2021 kuchukua tezi za angalau sehemu tatu za katikati ya kifua na moja ya shina la pafu.

Tezi yenye ugonjwa ingebadilisha matibabu, huenda angehitaji dripu za kemo. Sasa tezi mbili zisizo na anuani zinamwambia nini daktari? Tulirudi kuuliza, wakafungua faili kwa heshima zote: "tezi zilichukuliwa." Jamani, vikopo vya plastiki na kalamu si mashine ya MRI.

Ningempeleka mtu tena? Ndiyo, kwa mkono wa yule daktari wa upasuaji. Ila kabla ya kusaini fomu ningemuuliza: mtatoa tezi za namba zipi, na kila namba itakuwa na kikopo chake?