Nodi ya Bitcoin bila diski ya terabaiti: ununue kipi kwanza

Historia nzima ya miamala ya Bitcoin imeshapita gigabaiti 600 na haipungui. Ndiyo maana mtu akiambiwa "endesha nodi yako", yaani kompyuta inayokagua yenyewe miamala ya Bitcoin, anawaza diski kubwa na mfuko unanywea palepale. Lakini kwetu sisi tunaoishi kwa vocha, diski si tatizo. Kinachouma ni bando. Kwa hiyo njia hizi nimezipanga kwa maswali mawili tu: inakula data kiasi gani, na nani atazijua anwani zako, yaani namba unazopokelea sarafu.

1. Laptop ya mtumba yenye SSD, nodi ikiwa imepogolewa

Hii ndiyo ningenunua leo. Programu ni ileile ya kawaida ya kuendeshea nodi, Bitcoin Core. Unaandika prune=550 kwenye faili la mipangilio, nayo inakagua kila bloku (fungu la miamala) tangu ile ya kwanza ya Januari 2009, huku ikifuta za zamani na kubakiza megabaiti 550 hivi za karibuni. Ongeza orodha ya sarafu ambazo hazijatumika, gigabaiti kumi na kitu. SSD ya gigabaiti 128 inatosha na nafasi inabaki. RAM ya 4 inakwenda, ya 8 inakwenda haraka.

Ila kupogoa kunaokoa diski, hakuokoi upakuaji. Zile gigabaiti 600 lazima zipite zote mara moja. Mimi niliibeba laptop hadi kwa rafiki mwenye faiba isiyo na kikomo, nikaiacha chini ya meza ya TV siku tano, watoto wake wakiiita "kompyuta inayolala". Ikarudi nyumbani imeshakagua kila kitu. Sasa nimeweka blocksonly=1 na inachukua bloku mpya tu: takriban 144 kwa siku, jumla kama megabaiti 250.

Matoleo kuanzia 28, la Oktoba 2024, yanaweza kupakia nakala ya ile orodha ya sarafu kufikia bloku namba 840,000, ukaanza kutumia mapema. Ni raha kwa mwenye haraka, lakini kimyakimya historia inaendelea kupakuliwa, kwa hiyo bando haliponi.

Kwa nini laptop? Betri. Nodi yangu ya kwanza ilikaa kwenye kikompyuta cha bodi moja, data yote kwenye kadi ya kumbukumbu ya bei ya kutupa. Usiku mmoja umeme ukakatika. Uliporudi, kanzidata ilikuwa imeharibika na kazi ikaanza upya kutoka sifuri. Laptop kuukuu yenye betri ya dakika 40 inakupa nafasi ya kufunga programu vizuri.

Kasoro yake moja: ikishafuta bloku, haiwezi kurudi nyuma kutafuta miamala ya zamani. Kama una pochi (programu inayotunza funguo za sarafu zako) ya miaka iliyopita, iingize kabla ya kuanza kupakua.

2. Simu uliyonayo

Pochi kama Blixt hutumia vichujio vya bloku, utaratibu ulioandikwa kwenye BIP 157 na 158, hati za mapendekezo ya kuboresha Bitcoin. Simu inapakua kichujio kidogo cha kila bloku, inapekua yenyewe, kisha inaomba tu bloku inayoelekea kuwa na muamala wako. Hakuna seva inayopewa anwani zako. Haikagui sheria zote kama nodi kamili, na simu nyingi zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi nyuma, hivyo ifungue mara kwa mara. Gharama ya kuanza ni sifuri. Kwa pochi mpya yenye hela ndogo, anzia hapa.

3. Electrum

Ni pochi iliyopo tangu 2011 na inakwenda kwenye kompyuta yoyote ile. Inashika vichwa vya bloku tu, yaani muhtasari wa kila bloku, baiti 80 kila kimoja. Vichwa 900,000 ni megabaiti 72, video moja ya harusi kwenye WhatsApp. Wazo lenyewe limo kwenye waraka wa 2008 wa Satoshi, mwanzilishi wa Bitcoin. Ubaya ni kwamba unaiuliza seva ya mtu usiyemjua kuhusu anwani zako, na mwenye seva anaweza kuziunganisha zote na wewe. Kama mwenzako kijiweni ana seva yake, jiunge kwake, na kwangu njia hii inapanda hadi namba mbili.

4. Raspberry Pi mpya na SSD ya terabaiti

Kwa nodi inayotunza historia yote, kikompyuta hiki cha bodi moja ni kifaa kizuri. Lakini jumlisha chaja yake, kasha, SSD na UPS: umeshanunua laptop ya mtumba, na wepesi uliokuwa unautafuta haupo.

5. Seva ya kukodi mtandaoni

Unalipa kila mwezi, kwa dola, kwa mashine ambayo mwenyewe ni mtu mwingine. Hapana.

Ukifika dukani, Kariakoo au kwingineko, mwambie muuzaji achomoe chaja na muendelee kuzungumza nusu saa. Betri ikizima kabla ya hapo, waachie wenyewe. Hakikisha ni SSD kweli, si diski inayozunguka: weka sikio. Na kibodi ikikosa herufi mbili tatu usinune. Utachomeka ya nje siku ya kuandaa tu, na herufi hizo ndizo za kushushia bei.