Uzoefu wangu na choki na risasi za bata mzinga: nini cha kununua kwa windo la kwanza

Nianze na jibu, maana ndilo mnalolitafuta. Kama unakwenda kuwinda bata mzinga Marekani kwa mara ya kwanza na una bunduki ya marisau (punje ndogo nyingi ndani ya risasi moja) ya geji 12 yenye mtutu wa kawaida (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni mwembamba kuliko 12), nunua choki ya bata mzinga (kipande cha bomba kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kuyabana marisau) yenye tundu la inchi 0.660 hadi 0.670, risasi za Winchester Long Beard XR za inchi 3 zenye marisau namba 5 (namba ikipanda, punje ni ndogo zaidi), na karatasi kubwa za kupimia. Kama bunduki ni geji 20, nenda moja kwa moja kwenye risasi za tangsteni za Federal Heavyweight TSS namba 9. Karatasi ndizo zitakazoamua kama ushauri wangu unakufaa. Choki na risasi huchaguliwa kwa jozi, na jozi inayosongamana vizuri kwenye mtutu wangu inaweza kutawanyika ovyo kwenye wako, hata kama bunduki zote mbili ni za modeli moja.

Aliyezoea kupiga kwale au kanga wakiruka aweke mazoea hayo pembeni. Ndege arukaye hupigwa mwili mzima kwa mtawanyo mpana. Bata mzinga hupigwa akiwa ardhini, amesimama, na shabaha ni kichwa na shingo peke yake. Kifua chake kina manyoya mazito na nyama nene. Marisau yakiishia huko, ndege hujeruhiwa, hukimbilia vichakani na humpati tena. Kwa hiyo unahitaji marisau mengi yaliyosongamana mahali padogo, na kila moja liwe na nguvu ya kupenya fuvu au kuvunja mfupa wa shingo. Choki inahusika na msongamano. Nguvu inatokana na uzito wa marisau na umbali.

Sasa choki. Namba iliyochongwa kwenye choki nyingi za bata mzinga ni kipenyo cha tundu lake la kutokea, kwa inchi. Peke yake haitoshi. Itoe kwenye kipenyo cha mtutu wako ndipo ujue imebana kiasi gani. Mtutu wa kawaida wa geji 12 una inchi 0.729, ingawa viwanda hupishana kidogo. Choki ya Full, ile inayokuja na bunduki nyingi, ina tundu la karibu 0.695, yaani inabana kama 0.035. Ya 0.660 inabana karibu mara mbili ya hapo. Sasa angalia bunduki ya Mossberg 835: mtutu wake umepanuliwa hadi 0.775, kwa hiyo 0.695 ambayo kwangu ni Full ya kawaida, kwenye 835 inabana 0.080 na ni choki ya bata mzinga kamili. Anayekwambia “weka 0.660” bila kuuliza bunduki yako ni ipi, usimsikilize.

Kubana zaidi si kupiga vizuri zaidi. Kuna kiwango ambapo marisau yanasukumana na kugongana mdomoni mwa mtutu; yale laini yanabonyea, na lililobonyea haliendi moja kwa moja. Kwenye karatasi utaona fungu nene upande mmoja na upande wa pili madirisha matupu ambayo kichwa cha bata kinapita bila kuguswa. Ukiona hivyo, chukua choki yenye tundu kubwa zaidi kwa inchi 0.005 au 0.010 kabla hujalaumu risasi.

Kufunga choki kwenye mtutu nako kuna fujo. Nyuzi za choki, yaani hesi za kukazia, hazifanani. WinChoke ya Winchester, Invector ile ya zamani ya Browning na Accu-Choke ya Mossberg 500 zinaingiliana. Invector-Plus haiingiliani nazo. Remington 870 inatumia Rem Choke. Mossberg 835 ina nyuzi zake. Choki isiyo yake inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu halafu ikagoma, na wapo wanaolazimisha kwa spana. Matokeo yake ni mwanya kati ya choki na mtutu ambapo marisau yanagonga ukingo, na hapo mtutu unaharibika, pengine pamoja na vidole. Soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu, yalinganishe na maandishi ya pakiti. Dakika moja tu.

Napenda choki zinazochomoza nje ya mtutu kuliko zile zinazozama ndani. Unazifunga na kuzifungua kwa vidole, na ukiona imeanza kulegea unaijua mapema. Zenye matundu ubavuni zinasifiwa kwamba zinapunguza teke la bunduki. Mimi tofauti siisikii begani. Ninachokisikia ni kelele zaidi, na matundu hujaa masizi na plastiki ya kikombe cha risasi, ambayo kuitoa ni kazi ya mswaki na uvumilivu. Bei ya choki nzuri ni takribani dola 40 hadi 100. Ya 50 inatosha kabisa.

Kuifunga: hakikisha bunduki haina kitu, chemba na magazini, uangalie kwa macho na kwa kidole. Futa nyuzi za mtutu na za choki, paka grisi kidogo sana, zungusha kwa mkono mpaka igote, kaza kidogo kwa ufunguo wake. Kisha igusie kila baada ya risasi chache, kwa sababu risasi za bata mzinga zina mtikiso na choki hulegea.

Kwenye risasi, cha kwanza ni urefu wa chemba. Umeandikwa kwenye mtutu: inchi 2¾, 3 au 3½. Fupi inaingia kwenye chemba ndefu. Ndefu kwenye fupi usijaribu. Geji 20 isikae kabisa mfuko mmoja na geji 12. Ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 huteleza na kunasa mbele ya chemba. Ukiamini bunduki ni tupu ukaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka. Ndiyo maana ganda la geji 20 limetiwa rangi ya njano.

Long Beard XR naipa nyota nne kati ya tano. Marisau yake ni madini ya risasi yaliyopakwa shaba, na ndani ya ganda yamegandishwa kwa resini ambayo hupasuka wakati wa kufyatua na kuyakinga yasibonyee. Ya geji 12 inchi 3 ina aunsi 1¾. Kwa namba 5 hiyo ni karibu marisau 300. Namba 6 karibu 390. Namba 4 karibu 235. Namba 6 inajaza karatasi vizuri lakini kila risau ni jepesi na huchoka mapema. Namba 4 ina nguvu ila inaacha madirisha. Namba 5 ipo katikati, na kwa anayeanza ndiyo inayosamehe zaidi. Boksi lina 10, kwa hiyo unaweza kupima bila kuumia mfuko. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya teke, na kwa sababu inabagua choki: ikikutana na iliyobana mno inatoa mtawanyo wa hovyo.

TSS ni dunia nyingine. Ni tangsteni yenye uzito wa gramu 18 kwa kila sentimita ya ujazo, dhidi ya 11 na kidogo za madini ya risasi. Punje ndogo ya namba 9, milimita 2 tu, inapenya kama namba 5 ya kawaida, na kwa sababu ni ndogo zinaingia nyingi, karibu 360 kwa aunsi. Geji 20 ya inchi 3 yenye aunsi 1½ inabeba zaidi ya 500, yaani inaizidi geji 12 ya kawaida huku bunduki ikiwa nyepesi begani. Kwa mwenye mwili mdogo, kijana, au anayeogopa teke, hakuna kinachoikaribia. Kasoro ni bei: boksi ni la 5, na risasi moja hufika dola 10 au zaidi. Punje zake pia ni ngumu sana, basi tumia choki ambayo mtengenezaji wake amesema inaikubali. Marisau ya chuma ni suala tofauti. Usiyapitishe kwenye choki ya bata mzinga isiyoandikwa kuwa inayaruhusu, yanaweza kuuvimbisha mtutu.

Inchi 3½ za geji 12 siwapendekezei wanaoanza. Unaongeza robo aunsi ya marisau, lakini teke lake linamfundisha mtu kufumba macho na kuinua shavu kabla ya kufyatua.

Kabla ya kulipa, fungua kijitabu cha kanuni cha jimbo lako. Majimbo mengi yanaweka ukomo wa ukubwa wa marisau, na California tangu tarehe 1 Julai 2019 imepiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote, hivyo Long Beard huko haitumiki. Ndugu zetu walioko Marekani kwa visa za muda wana masharti yao ya shirikisho kuhusu silaha na hata risasi; leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya misamaha, lakini hakikisheni kwanza.

Kupima ndiko wengi wanakoruka, na ndiko windo linakoamuliwa. Anza yadi 20 kwa risasi rahisi za mazoezi, uone bunduki inapiga pale unapoangalia au inavuta upande. Kaa, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Kisha weka karatasi ya upana wa inchi 36, chora nukta katikati, rudi yadi 40, yaani mita 36 na nusu, piga risasi moja ya windo. Badilisha karatasi. Piga tatu za kila jozi, kwa sababu moja inaweza kukudanganya. Kwenye kila karatasi chora duara la inchi 10 pale marisau yalipojaa zaidi, uhesabu matundu. Kipimo kinachokubalika na wengi ni 100 au zaidi ndani ya duara, yaliyoenea bila madirisha. Ukipata 70, sogea karibu, yadi 35 kisha 30, mpaka 100 zitimie, na hapo ndipo mwisho wako porini.

Usisahau kupima yadi 10. Hapo mtawanyo wa choki iliyobana hauzidi ngumi, na ndege akiwa karibu hivyo ni rahisi kumkosa kabisa kuliko akiwa yadi 30. Kosa lenyewe karibu kila mara ni lile lile: mtu ameinua shavu kwenye kitako ili amwone bata vizuri, mtutu ukapanda, marisau yakapita juu ya kichwa. Kilengeo cha nukta nyekundu kinaponya sehemu kubwa ya tatizo hili, na kama fungu linaangukia inchi 6 kushoto, kinakuruhusu kulirekebisha. Ushanga wa mbele, kile kidude cha kulengea mdomoni mwa mtutu, pekee haukupi nafasi hiyo.

Porini, dume akiwa amejitutumua na kuvuta kichwa mabegani, subiri. Mlio mmoja mfupi wa kiita, kifaa cha kuiga sauti ya bata, humfanya anyooshe shingo. Lenga pale manyoya yanapokutana na ngozi tupu ya shingo. Angalia nyuma yake, maana majike hupenda kusimama hapo na punje zilizopitiliza hazichagui. Nguo nyekundu, nyeupe au ya bluu usivae hata soksi, hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na kuna mwindaji mwingine anayezitafuta. Beba risasi tano, zote za jozi uliyoipima. Majimbo mengi hayaruhusu zaidi ya tatu ndani ya bunduki, na plagi ya magazini, ile inayozuia zisiingie zaidi, inagharimu dola chache.